Baba Alipowaomba Radhi Wageni wa Chinongwe

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, mjukuu wangu, baada ya mavuno ya ufuta, wageni walipofika kwetu Mtua kutoka Chinongwe kuja kunioa. Ubwabwa ulikuwa jikoni. Mimi nilikuwa chumbani kwenye mkeka, nimejifunika kanga gubigubi, nalia.

Mwoaji alikuwa mfanyabiashara, rafiki wa baba yangu. Hakuwa mtu mbaya. Lakini nilimwona mara moja tu, sokoni Ruangwa, na moyo wangu haukumtaka. Nilipomwambia mama, alinijibu, "Baba yako ameshatoa neno." Baba mwenyewe sikumwambia. Hakuwa mkali, ila nilimpenda mno, sikutaka aaibike mbele za watu.

Shehe wetu wa kijijini akatuma mashahidi waje kuniuliza kama nimeridhia. Nikanyamaza. Shangazi akanijibia, "Amenyamaza, basi amekubali." Wakarudi barazani na jibu hilo.

"Analia?" shehe akawauliza.

Wakamwambia analia, ila mabinti wote hulia siku hiyo. Hakuridhika. Akainuka, akaja na baba mpaka mlangoni pangu, akaniambia,

"Somoe, binti akinyamaza kwa haya, huyo ameridhia. Akinyamaza kwa hofu, hajaridhia, na ndoa hiyo mimi siifungi. Sema, mjukuu wangu. Haki hiyo umepewa na dini, hukupewa na mimi."

Nikasema kwa sauti ndogo, "Simtaki, babu."

Shangazi akaanza kunikemea. Baba akamnyamazisha kwa mkono. Alinitazama, kisha akauliza taratibu, "Mbona hukuniambia, mama?" Alizoea kuniita hivyo, maana nina jina la mama yake.

Baba akatoka, akawaomba radhi wageni kwa kinywa chake mwenyewe. Wakala, wakaondoka. Rafiki yake yule hakukanyaga tena kwetu. Najua baba aliumia, kwani miaka mingi nilimwona jioni amekaa peke yake, akiitazama njia ya Chinongwe. Lakini hakunilaumu hata siku moja. Na alipokuja babu yenu wa Nambilanje kuposa, baba aliniuliza mimi kwanza, kabla ya kumjibu yeyote.

Sasa nimemzidi umri aliofia. Alasiri zikiwa kimya namkumbuka sana, mjukuu wangu. Natamani aingie tu, avue kofia, aombe maji, nimwambie ahsante niliyoona haya kuitoa akiwa hai.

Basi ukiwa na binti, muulize mapema, mkiwa wawili, kabla hujatoa neno kwa watu. Usimwachie mwingine amjibie. Nawe binti, mwambie mzazi wako yaliyo moyoni; huenda anakupenda kuliko unavyodhani. Ridhaa yako ni haki yako kwa Mwenyezi Mungu, na kuitumia si utovu wa adabu.

Mola akujaalie nyumba ambayo utaulizwa na kusikilizwa, na akupe muda wa kuwashukuru wazazi wako wangali wanakusikia. Amina.