Flamingo wa Baba Ukutani

Kwenye ukuta wa studio yetu ya picha hapa Gitothua, Ruiru, Baba alichora ziwa, vilima viwili na flamingo mmoja. Flamingo huyo ameinamisha shingo hadi majini, na kichwa chake kimepinduka, utosi ukitazama matope. Wateja wamemcheka tangu nikiwa darasa la nne. Kusema kweli, nami nilimcheka pamoja nao.

Baba alitoka magharibi akiwa kijana, akija Thika kutafuta kazi ya kiwanda. Anasema basi liliwaharibikia karibu na Ziwa Elementaita, wakakaa hapo asubuhi nzima, na hapo ndipo alipomwona ndege huyo kwa macho yake mawili. Tuliisikia hadithi hiyo mpaka tukatia pamba masikioni.

Aliponiachia studio, wanafunzi wanaotoka Kahawa Wendani walianza kukataa kusimama mbele ya ukuta ule. "Hiyo ndege imevunjika shingo, si ungeitoa tu?" mmoja aliniuliza. Niliona haya. Jioni nikamwambia Baba kwamba nataka kuupaka ukuta rangi nyeupe. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Kesho yake alinunua mkebe wa rangi yeye mwenyewe, akauweka chini ya meza yangu.

"Enda huko uone," alisema. "Ukirudi na picha inaonyesha nilikosea, nitapaka mwenyewe."

Basi Jumamosi moja alfajiri, dada yangu mdogo alinipakia kwenye Probox yake ya kubebea mboga. Tulipitia Githunguri, tukashuka Bonde la Ufa, na karibu na Naivasha nikawapiga picha punda milia kupitia dirishani bila hata gari kusimama. Mkono wangu ni mwepesi, hilo sitaficha. Tulipofika ziwani tuliacha gari, tukashuka kwa miguu kati ya mawe meusi yenye matundu, yale yaliyotemwa na volkano zamani. Ufuo ulikuwa matope meupe yenye harufu ya magadi. Na flamingo! Walikuwa wengi kuliko watu wa mkutano wa injili, wote wakila.

Hapo ndipo kazi yangu iliponiponza. Mimi ni mtu wa picha za paspoti: uso mbele, masikio yaonekane, mdomo ufungwe. Nikapiga magoti matopeni, nikangoja flamingo mmoja ainue uso anitazame. Akiinua, ananipa kisogo. Nikihamia kwa mwingine, anatimua mbio. Saa nzima ikapita, na nilichokuwa nacho ni migongo tu.

"Woi! Kwani unangoja akuletee kitambulisho?" dada yangu alinipigia kelele kutoka juu ya jiwe. "Si umpige tu vile anakula!"

Nilikubali shingo upande. Nikavuta lenzi hadi kwenye kichwa kimoja kilichokuwa majini, nikapiga, kisha nikaitazama picha kwenye kioo cha kamera. Utosi ulikuwa chini, umeelekea matopeni, na mdomo umepinduka. Nikaigeuza kamera juu chini, na uso ukakaa sawasawa, wa paspoti kabisa.

Niliketi palepale kwenye matope, nikacheka, kisha nikalia. Mtu aliyekaa hapa asubuhi moja tu, bila kamera, akiwa na wasiwasi wa kazi ambayo hata hajaipata, alimtazama ndege huyu vizuri kuliko nilivyomtazama mimi mwenye lenzi. Halafu akabeba sura hiyo kichwani miaka yote hiyo mpaka akapata ukuta wa kuichora. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu kama nilivyojivunia siku ile.

"Kumbe mzee hakuwa anatudanganya!" dada yangu alisema alipoiona picha, na akarudia maneno hayo mpaka Ruiru.

Jumatatu niliichapa picha ile kwa ukubwa, nikamwekea Baba mezani. Alivaa miwani, akaitazama muda mrefu.

"Umekata miguu," alisema.

"Pole, Baba. Ni mazoea ya paspoti."

"Na ukuta?"

"Nisamehe, Baba. Nilikucheka bure."

Aliinama, akautoa mkebe ule chini ya meza na kuufungua kwa bisibisi. Nilidhani kicheko changu kimemuudhi hata anataka kuupaka ukuta wote. Lakini alimimina rangi nyeupe kidogo kwenye kifuniko, akatia matone mawili ya nyekundu, akakoroga kwa kijiti mpaka ikawa waridi. Kisha akavuta kiti hadi ukutani, na kando ya flamingo wa zamani akaanza kumchora wa pili, kichwa chini, akianzia miguu.