Niliwafungia Watoto Mkeka Wao

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku Kirando tunajuana hadi kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Milanzi, Sumbawanga mjini, na huku nafundisha darasa la awali. Mume wangu alikuwa kwenye boti iliyozama mwaka jana, ile iliyofanya bendera zipepee nusu mlingoti nchi nzima. Hakupatikana. Darasani kwangu watoto tisa walifiwa na mzazi siku hiyo hiyo.

Wakaja wataalamu wa ushauri nasaha siku mbili, wakagawa pipi na penseli za rangi, wakaniambia niwape watoto matumaini, wakapanda gari lao. Nikabaki nao mimi, ambaye hata matumaini ya kwangu sina.

Basi watoto wakabuni mchezo. Mkeka wa darasa ndiyo boti, sakafu ndiyo ziwa. Wanapanda, wanayumba, wanazama huku wakipiga mayowe, halafu wenzao wanawavuta kwa kanga. Kila siku baada ya uji. Yale mayowe yalikuwa yananichana moyo. Siku moja nikashindwa. Nikawachapa wote, nikaufungia mkeka stoo, nikawafokea: "Wamekufa! Hakuna anayetoka humo! Acheni!"

Wakaacha. Wakaacha na kuimba, na kugombana, na kucheka. Wanakaa tu kwenye sementi wamekumbatia magoti. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia ule ukimya.

Mwezi uliopita akaja bibi yake Tatu, binti wa miaka sita aliyefiwa na mama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akagoma kukaa.

"Mwalimu, mjukuu wangu hali chakula. Zamani akirudi anakula vizuri, ananiambia, bibi, leo tumemtoa mama. Kesho yake tena, tumemtoa. Mbona siku hizi hammtoi?"

Akaongeza, "Tena alisema wanaanzaga na mume wako, kwa sababu mwalimu analia chooni."

Jamani. Miezi yote ile sikuwahi kuutazama ule mchezo hadi mwisho. Nilikuwa nasikia kuzama tu.

Kesho yake nikautandika mkeka, nikavua viatu, nikapanda mwenyewe. Nikawaita, "Njooni mniokoe, nazama!" Hakuna aliyeinuka. Nikamnyooshea Tatu kanga. Akaniangalia kwa adabu, mikono nyuma, akasema taratibu, "Wamekufa, mwalimu. Ulituambia."

Ni wiki tatu sasa. Mkeka nautandika kila asubuhi, mchana naukunja hauna hata vumbi la unyayo. Nimewaomba msamaha, wanaitikia kwa pamoja "ndiyo mwalimu", basi. Tatu amekonda hadi sare inamvuka mabegani.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Ninyi mliolea watoto wenye msiba, niambieni: neno kama lile likishamtoka mtu mzima mbele ya watoto, analirudishaje? Kesho saa mbili naingia tena darasani. Nifanye nini?