Nimefeli, na Ng'ombe Ameshachinjwa

Matokeo ya mtihani wangu wa uwakili yalitoka Ijumaa mchana, na ng'ombe alikuwa achinjwe Jumamosi asubuhi. Huo ulikuwa mpango wa baba yangu. Kwake yeye, mtu akimaliza kusoma amefaulu. Hayo mengine ni watu wa ofisini kuchelewesha mambo. Mpunga ulikuwa umevunwa, ndugu wana nafasi, basi akauita ukoo mzima uje nyumbani kwetu Magu kumpongeza binti yake wakili.

Mimi nilikuwa chumbani kwangu Ilemela, simu mkononi. Nilikuwa nimefeli somo la kuandika nyaraka za mahakamani. Hilohilo nililokuwa nikiringia! Katika ofisi ya mawakili nilikofanyia mafunzo, hati za madai walikuwa wananipa mimi niziandike. Nililia kwa hasira, nikanawa uso, nikampigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wakili!"

Nikamwambia. Nyuma yake nikasikia watu wakigonga nguzo za turubai.

"Sasa sikiliza," akasema. "Usimwambie mtu. Acha watu wale nyama, wacheze, waende kwao. Utarudia mtihani wako kimyakimya. Nani atajua?"

Nilikubali. Sikuona ubaya wa watu kula nyama.

Kesho yake huko Magu kila aliyenisalimia aliniita wakili, nami nikawa naitikia, huku uso ukiwaka moto. Ningeweza kuvumilia hivyo mpaka jioni, lakini shangazi yake baba, bibi mmoja aliyefiwa na mume, alinivuta pembeni. Shemeji zake walikuwa wanasogeza mpaka wa shamba lake kila msimu. Watu walikuwa wamemshauri apeleke shauri lake kwenye baraza la ardhi, akakataa.

"Nimewaambia namngoja wakili wangu," akasema. "Sasa umekuja."

Hapo nilishindwa. Nyama ya bure ni nyama tu, lakini bibi huyu alikuwa anapoteza shamba akimngoja wakili ambaye hayupo. Ulipofika wakati wa zawadi, shangazi zangu wakaanza kusogea na vitenge vyao wakiimba. Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Nimefeli," nikasema. "Mimi bado si wakili. Nitarudia mtihani, na nikifaulu nitakuja kuwaambia mwenyewe. Nawe bibi, usiningoje. Jumatatu nitakusindikiza barazani, kama mjukuu wako."

Muziki ukazimwa. Baba akainamia viatu vyake. Baba yangu mdogo, ambaye hajui kunong'ona, akauliza, "Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe amefaulu!" akajibu mtu kutoka jikoni.

Watu wakacheka, wengine mpaka wakashika mbavu. Shangazi zangu wakatazamana, kisha wakaendelea na wimbo wao, ila pale penye neno "wakili" wakaweka "binti yetu". Wakanifunika vitenge mpaka nikatokwa jasho. Nilijisikia fahari ambayo hakuna matokeo yaliyowahi kunipa, na sioni haya kuiandika.

Baba hakunisemesha siku ile, wala Jumatatu niliporudi na bibi kutoka barazani, shauri lake likiwa limepokelewa. Nami sikumwomba radhi. Nilikwenda Dar es Salaam, kwenye chuo cha mawakili, nikaurudia mtihani, nikafaulu. Nikaja Magu kuwaambia kama nilivyoahidi. Safari hii hakuchinjwa hata kuku.

Siku iliyofuata baba alinichukua twende mnadani. Rafiki yake mmoja, mfuga ng'ombe, akanitazama juu hadi chini.

"Huyu ndiye uliyesema amefaulu uwakili?"

"Kufaulu wanafaulu wengi," baba akamjibu. "Huyu alifeli, nikamwambia afiche, akakataa. Akasimama mbele ya ukoo mzima akasema kwa mdomo wake."

Alikuwa amenyoosha shingo alipokuwa akisema hivyo, nami nikanyoosha yangu.