Koili Niliyoizungusha kwa Vidole Vyangu

Jina la dada huyu na la ukoo alikoolewa tunayajua. Ameomba tusiyaandike, nasi tumemtii. Maneno mengine yote ni yake.

Mhariri, na ninyi wasomaji wenzangu, nawasalimu. Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Liuli kule ziwani, nimeolewa Matiri huku juu kwenye kahawa. Sina mtoto. Nimeanza na hilo kwa sababu huku hakuna anayenitaja bila kuanza nalo, nami nimeshazoea.

Mume wangu alirudi kutoka migodi ya kusini na redio ya betri, boksi la nyuzi za gitaa, na wazimu mmoja: kutengeneza gitaa la umeme kwa mkono wake. Aliliona huko kwenye dirisha la duka la Mzungu, akaapa kwamba lake atalichonga mwenyewe. Kweli alichonga. Ubao mzima wa mninga, hauna tundu wala tumbo, na spoku za baiskeli akazikata akazipigilia shingoni. Lakini gitaa la namna hiyo ni bubu. Ukilipiga hivi hivi unasikia kama mtu anakwangua sufuria. Linataka sumaku chini ya nyuzi, na sumaku izungushiwe waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko isiyohesabika, hiyo ndiyo koili, ndipo sauti ipite ikatokee redioni. Sumaku alizitoa kwenye spika mbovu. Waya ukamshinda. Kila alipoushika ulikatika, maana vidole vyake ni vya sururu.

Nikamwambia, lete. Baba yangu alikuwa mfuma nyavu, na mimi nimesokota nyuzi pajani tangu utoto. Waya ule umepakwa rangi inayoufunika kama ngozi. Ukiukwaruza kwa ukucha ngozi inatoka, na koili nzima inakufa. Kwa hiyo nilikata kucha mpaka nikafika kwenye nyama. Nilizungusha msimu mzima wa mvua, nikiwa na mimba, kisha tukaigandisha koili kwa nta ya nyuki wa Liparamba. Siku gitaa lilipolia mara ya kwanza, mume wangu alinikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo huku halifanywi. Baadaye mimba ilitoka nikiwa napandisha mlima na mzigo wa kuni. Ilikuwa ya pili kutoka.

Mavuno yaliyofuata, kwenye ngoma ya kumaliza kahawa, akatoa wimbo mpya. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nacheza, najivunia koili yangu. Akaimba: "Mbuni wangu wa ziwani, majani tele, kahawa hamna." Ubeti wa kwanza nilipiga makofi, haki ya Mungu. Nilidhani anaimba shamba. Ubeti wa pili ndipo nikaona watu wamenitengea nafasi na wananitazama mimi badala ya mpigaji. Wifi yangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Leo wimbo huo wanauimba hata watoto wakienda kuchota maji, na nikipita wanaanza upya.

Sasa anaoa. Harusi ni mavuno haya yakiisha, na bibi harusi tumbo lake limeshaanza kuonekana. Lakini gitaa lilianguka kwenye pombe, koili ikakatika, likarudi kuwa ubao. Na harusi bila wimbo ule, eti si harusi.

Huku wanaume wa ukoo hula pamoja. Kila mke anapeleka ugali wake, na hapo hapo kwenye chakula wanakata mashauri. Wanapaita sengu. Wakakata langu mimi sipo: mke wa kwanza azungushe koili upya, na mpaka gitaa lilie, ugali wake usiguswe. Jamani, mmewahi kurudishiwa ugali ukiwa na mfuniko wake, umepoa, huku wake wa mashemeji zenu wanabeba vyombo vitupu? Kila siku napika, kila siku unarudi, nawapa kuku. Mama mkwe aliniambia mbele yao wote: "Kazi ya mikono unaiweza, ya tumbo ndiyo imekushinda. Basi fanya unayoiweza, mla usipa wewe." Usipa ni dagaa wa kwetu ziwani. Nikaitikia, ndiyo mama.

Jioni moja mume wangu akaja akakaa karibu nami nikizungusha. Nikadhani ameona aibu. Akaniuliza kwa upole, upole ambao sijausikia tangu siku ya nta: "Utawahi lakini? Maana nimeongeza ubeti."

Nikikataa nitarudishwa Liuli. Baba hayupo tena, na kaka yangu ameshatuma salamu kwamba nyumbani kwake hakuna nafasi ya mwanamke aliyeshindwa kwa mume.

Sasa niwaambie wasilolijua. Koili nimeshaimaliza. Jumapili walipokwenda kanisani nilichomeka waya redioni, nikagusa uzi mmoja. Lililia vizuri kuliko zamani, mpaka na mimi nikalia. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii, na inaniuma kwamba ni nzuri. Nikachomoa, nikawaambia nta bado haijashika.

Gazeti hili huniletea rafiki yangu wa Liuli, huku juu hakuna mwingine anayelisoma, na kahawa bado iko mitini. Mnao muda wa kunijibu. Tangu Jumapili ile sijakata kucha. Nishaurini, wenzangu: niwape gitaa likiwa hai, ugali wangu uliwe, nisimame niusikie huo ubeti? Au nipitishe ukucha?