Alidai Ng'ombe Wote

Sijamsamehe, na sina mpango huo. Nasema mapema ili msomaji asije akangoja machozi ya upatanisho.

Aliyekuwa mume wangu aliota mapembe miaka ile viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza. Alipata pikapu, akawa ananunua sangara kwa wavuvi mialoni na kuwapeleka kiwandani. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, nikawa nakaanga mapanki pale Mirongo. Mapanki ni kile kinachobaki sangara akishatolewa minofu: kichwa, mgongo na mkia. Samaki aliwauza yeye, mifupa yao nikauza mimi. Nilidhani jambo hilo lingetuchekesha sote wawili. Badala yake akaanza kusema nanuka, yeye ambaye viti vya gari lake vilikuwa vimejaa magamba. Mwisho akapanga nyumba Buzuruga, akaweka humo mwanamke asiyenuka, kisha akafungua madai. Alitaka talaka, na alimtaka binti yetu.

Talaka ningempa hata pale pale mlangoni. Mtoto ndiye aliyeninyima usingizi. Alikuwa na miaka tisa, na sikuwa na mwingine. Jirani yangu aliyewahi kupita njia hiyo alinieleza kwamba mtoto wa chini ya miaka saba, sheria huanza kwa kuamini anafaa kukaa na mama yake. Wangu alishavuka.

Kwanza tulipelekwa baraza la usuluhishi la kata. Wazee wakajaribu, wakachoka, wakatuandikia hati kwamba wameshindwa, nasi tukaichukua hadi Mahakama ya Mwanzo. Pale barazani mume wangu alikuwa na neno moja tu: "Nilitoa ng'ombe. Mtoto ni wangu." Hakusema anampenda. Alipoulizwa mtoto yuko darasa la ngapi, alimtazama dada yake.

Nikavuka na kivuko cha Kigongo hadi Busisi, nikaenda nyumbani kwa baba yangu. Nilimkuta anatengeneza ua wa zizi.

"Ng'ombe anawadai?" akauliza.

"Hajawataja, Baba. Anataka mtoto."

"Basi akili bado anayo."

Kwetu Usukumani, ng'ombe wa mahari ndio wanaomfunga mtoto kwa baba yake. Ndoa ikivunjika, mume aliyezaa hudai baadhi tu, na wengine hubaki kwa mkwe kwa ajili ya watoto. Akidai wote, ni kama anasema hakuoa, na watoto wanabaki kwa kina mama yao. Baba alinieleza hayo huku akikaza kamba.

"Na akiwadai wote, utawapata wapi?"

"Si hawa hapa? Zizi litabaki na mbolea. Mbolea nayo ni mali."

Kwenye kivuko cha kurudi nilikuwa na swali moja: nitamfanyaje awadai wote? Nilimjua yule mtu. Ukimwita mzinzi, anacheka. Ukimwita mwongo, anaagiza soda. Lakini tangu apate pikapu, hakuna aliyeruhusiwa kukumbuka kwamba aliwahi kuwa maskini.

Siku ya kesi, hakimu alikaa katikati na wazee wa baraza wawili pembeni, mmoja wao mama wa makamo. Baba mkwe wangu alikuwa kwenye benchi la nyuma. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole, maana yeye hakuwahi kunikosea.

Mume wangu akaanza. Akaeleza nyumba yake ya matofali, shule nzuri, gari. "Huyu atamlea mwanangu kwa mifupa," akasema, na watu wakacheka. Niligeuka nikawatazama waliocheka.

Zamu yangu ilipofika nilieleza mambo ya mtoto: nani humwamsha, nani alimbeba mgongoni aliposhikwa na malaria. Kisha nikasema, "Mheshimiwa, ni kweli alitoa ng'ombe. Ila wengine aliazima kwa wajomba zake, na waliobaki walikuwa wamekonda mpaka majirani walituletea majani kwa huruma. Baba yangu aliwapokea tu asimwaibishe. Hata leo huyu anaona haya kuwadai."

Aliyekonda alikuwa mmoja. Wale wengine niliwakondesha mimi, na ningewakondesha tena.

Akasimama bila kuruhusiwa. "Nione haya mimi? Nawadai. Wote."

"Kaa chini, wewe," baba yake akasema kule nyuma. Hakimu akamwonya mzee anyamaze.

Yule mama wa baraza akauliza taratibu, "Wote, au ukishatoa wale wa mtoto?"

"Wote. Hata kwato isibaki kule."

Hakimu akamuuliza kama angependa apewe nafasi ya kufikiri. Akajibu kwamba yeye si mtu wa kukaa akifikiria ng'ombe. Mzee wake akachukua kofia akatoka nje. Mimi niliinama nikajifanya nafunga kanga, kwa sababu meno yalikuwa hayataki kukaa ndani.

Hakimu hakutuamulia kwa ng'ombe peke yao. Alimtuma afisa ustawi wa jamii akaziona nyumba zetu zote mbili, na mwenyewe akaongea na binti yangu ofisini kwake. Siku ya hukumu alisema sheria hutanguliza maslahi ya mtoto, halafu husikiliza matakwa ya wazazi na mila za watu wao. "Mdai alisimama juu ya mila tu," akasema, "na mila hiyo ameivunja mwenyewe." Mtoto akabaki kwangu, baba yake akaruhusiwa kumwona wakati wa likizo. Alikuja mara chache, kisha akaacha.

Baba yangu aliwavusha ng'ombe wa mahari kwa kivuko. Kijijini kwa mkwe wangu kulikuwa na zizi, lakini hakuwapeleka huko. Aliwaswaga hadi Buzuruga, kwenye nyumba ya matofali. "Mahakama imesema arudishiwe yeye," akasema, akafungua geti. Nilisimama ng'ambo ya barabara na beseni langu la mapanki, nikawatazama wakila maua ya yule mwanamke asiyenuka. Nilifurahi sana. Nikikumbuka hadi leo nafurahi.

Binti yangu alikua, akapata mchumba, na mahari ikaletwa nyumbani kwa baba yangu. Ng'ombe wakaingia kwenye zizi lile lile. Siku hiyo akatokea baba yake, koti limepigwa pasi, akaenda moja kwa moja kukaa kiti cha mbele.

Kaka yangu akamwinamia. "Shemeji, wa kwako ulishawachukua. Wote."

Akahamishiwa kwenye viti vya wageni, akapewa soda. Binti yangu alipotoka kuamkia watu, nilisogea karibu nione vizuri. Sikuwa nimemfundisha chochote. Alipita kiti kwa kiti, na alipofika kwake akapiga goti kama alivyowapigia wengine.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanyoosha mkono amshike. Binti alikuwa ameshafika kiti kinachofuata.