Chai Niliyompikia Mke Wangu

Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba nikifika mbinguni, kabla sijaonyeshwa mahali pa kukaa, nitamuuliza malaika kama majani yamechemka vya kutosha. Alisema hivyo akicheka, ameketi mlangoni kwetu kijijini Murungu, tumbo lake limeanza kuonekana. Yeye ndiye aliyetangulia. Mimi bado nakunywa chai huku duniani, na siku hizi nainywa kimya.

Nilizaliwa Tukuyu, kwenye mashamba ya chai. Watu wakisikia hivyo hudhani tulilelewa kwa chai nzuri. Wapi! Majani mabichi yalipakiwa kwenye lori kwenda kiwandani, sisi tukaenda dukani kununua vumbi kwenye vipakiti vidogo. Bibi yangu alilichemsha vumbi lile mpaka sufuria ikashika weusi usiotoka hata kwa majivu. Chai yake ilikuwa chungu na ilikwaruza ulimi. Alikuwa akisema kwamba chai inayokuonyesha kitako cha kikombe ni maji ya kuoshea vyombo, na mimi nikakua nikiliamini neno hilo kuliko mengi niliyofundishwa kanisani.

Kwa hiyo nilipopangiwa ualimu Kibondo, nilishuka kwenye basi nimejaa vumbi jekundu kuanzia kope mpaka soksi, na jambo la kwanza nililofanya mjini pale ni kugombana na mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi. Aliniletea kikombe cha maji ya moto yenye mchaichai na sukari. Nikamuuliza majani yako wapi.

"Si hayo, baba," alisema. "Nimeyachuma nyuma ya nyumba sasa hivi."

Nilikinywa huku nimenuna. Ukweli ni kwamba kilikuwa kikombe kizuri. Asubuhi ya huku juu ina baridi inayoingia kwenye mifupa, mihogo ya kuchemsha ilikuwa bado inafuka, na yule mama alinijazia kikombe cha pili bila kuniuliza. Lakini sikumshukuru. Nilikuwa kijana mwenye kiburi, na niliona kwamba mtu akikubali chai nyepesi mara moja, amekwisha.

Kikombe kingine nilikinywa kwenye soko la jirani na kambi ya wakimbizi, kwa mzee mmoja Mkongo aliyekuwa akichemsha chai kwenye debe lililokatwa. Alitia maziwa ya unga, iliki na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. "Mwalimu, chai iko bien, nzuri kabisa, usiogope," alinihimiza. Alifuta kila kikombe kwa kitambaa cheupe kabla ya kumimina, polepole, ndani na nje. Siku nyingine aliniambia kwamba kwao alikuwa na nyumba ya vyumba sita na seti nzima ya vikombe vya maua. Nilimkosoa hata yeye. Nilimwambia kwamba maziwa yanaua majani. Alinitazama kidogo, akaendelea kufuta vikombe.

Nayasema haya ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani, maana yanayofuata yalitokana na tabia hiyohiyo.

Mke wangu nilimpata Kasulu mjini, alikokuwa akishona nguo kwa cherehani kwenye baraza la duka. Kwao ni Nyakitonto. Wazazi wake walivushwa mpaka kutoka Burundi wakiwa watoto, wakakulia hapa, wakapata uraia, na ukiwauliza kwao ni wapi watakuonyesha shamba lao la maharage. Nyumbani kwao walikunywa uji wa ulezi. Chai ilikuwa ya wageni. Siku niliyokwenda kujitambulisha, mama yake alinipikia chai nyepesi kama mkojo wa mtoto, nami nikainywa yote nikatabasamu, maana hata kiburi kina mipaka yake mbele ya mama mkwe.

Tulipooana tukaanza maisha Murungu, nilimwambia mke wangu kwamba chai ya asubuhi ni kazi yangu. Hakuamini. Mwanaume kuamka kuwasha moto, mke amelala? Lakini nilifanya hivyo. Nilitwanga tangawizi, nikatia majani vijiko vitatu vilivyojaa, nikaiacha ichemke mpaka povu lishuke lenyewe. Majirani walinicheka waziwazi. Walisema mwalimu amelishwa limbwata, tena la Kirundi, haliponi. Niliyasikia na nikayapenda. Mke wangu mwanzoni alikunja uso kwa uchungu wa chai ile, baadaye akaizoea, mwisho akawa hawezi kuanza siku bila hiyo.

Alipopata mimba, chakula chote kilikuwa kinarudi. Ugali, samaki, maharage ya kwao, vyote vilirudi. Chai yangu peke yake ndiyo ilikaa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliwatangazia walimu wenzangu shuleni kwamba mtoto wangu amekwisha kuonyesha akili akiwa bado tumboni.

Mara ya kwanza kliniki tulikwenda wote. Mara ya pili alikwenda peke yake, akarudi adhuhuri amechoka, ana pakiti ya vidonge vya kuongeza damu. Nilikuwa nasahihisha madaftari mezani.

"Damu yangu ni ndogo," alisema. "Na nesi amesema vidonge hivi nisimeze na chai. Nimeze na maji. Hata hiyo chai yenyewe nikae nayo mbali kidogo."

"Kwa nini?"

"Amesema chai inazuia dawa isiingie mwilini."

Nilicheka. Nitaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, kwa sababu nimeyakumbuka kila siku tangu hapo. Nilisema, "Huyo nesi anifundishe chai mimi, mtoto wa Tukuyu? Chai ni maji tu yaliyopitiwa na majani. Wewe meza."

Alikitazama kidonge kwenye kiganja. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesoma barua, mimi niliyejaza fomu, mimi niliyewaeleza wazee wa kwao karatasi za serikali zinasema nini. Mwalimu akisema, imekwisha. Akameza na chai.

Kuanzia siku hiyo nilimpelekea kitandani kikombe na kidonge, kidonge kimekaa kwenye kisahani. Kila asubuhi. Sikukosa hata siku moja.

Damu haikupanda. Kila kliniki wakampima, wakatikisa kichwa. Aliugua malaria mara mbili, akapona. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, akipanda kutoka kisimani alisimama njiani mara tatu kupumua. Nilihangaika. Nilimnunulia dagaa, nikamtafutia majani ya matembele, nikamchemshia rozela mpaka midomo yake ikawa myekundu kwa nje tu. Siku moja tukiwa njiani kutoka kliniki aliniambia kwamba nesi amemuuliza kama anameza na chai.

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia simezi na chai." Alikuwa akitazama mbele. "Ningemwambiaje kwamba mume wangu amekataa?"

Pale ndipo nilipopaswa kusimama katikati ya barabara na kumwomba msamaha. Sikusimama. Kitu kilinigusa, sitadanganya, kitu kama woga, lakini nilikigeuza kuwa hasira. Nilimwambia si vizuri kuwadanganya wauguzi. Kesho yake asubuhi nikachemsha chai kama kawaida, vijiko vitatu, nzito, kwa sababu kuipunguza kungekuwa kukiri.

Alijifungua saa sita mchana, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mke wangu alimshika kidogo, akaniambia kwamba ana masikio yangu. Kisha damu ikaanza kutoka na haikukoma. Walikimbia huku na huku, walifanya kila walichoweza. Mimi nilitoa damu, mwalimu mwenzangu akatoa, ikatundikwa. Mwili ambao damu yake ni ya kutosha ungestahimili, daktari alinieleza baadaye kwa upole. Wake haukuwa nayo. Kabla ya saa kumi alikuwa amekwisha kufa.

Daktari alitaja sababu nyingi: malaria, damu ndogo tangu mwanzo, kuchelewa kuanza kliniki. Huenda zote ni kweli. Huenda hata angemeza kwa maji angekufa vilevile. Hilo sitalijua mpaka naingia kaburini. Alikuwa anaandika, akaniuliza kama kuna jambo jingine. Nikasema hakuna.

Tulimzika Nyakitonto. Kwenye matanga, wanawake wamejaa uani, mama mkwe alisimama akawaambia kwamba huyu mkwe wake alikuwa akimpikia mwanawe chai kila asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea kitandani pamoja na kidonge chake. Wanawake wakaguna kwa mshangao. Mmoja akasema, basi marehemu alipendwa. Mama mkwe akanishika bega. "Mwana wanje," aliniita, yaani mwanangu, na akalia. Nilitazama chini. Laiti angenipiga.

Mtoto akabaki kwake, akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani, na sasa anasoma darasa la tatu. Kila mwisho wa mwezi nasafiri kwenda kumwona. Mama mkwe, ambaye zamani hakujua chai, aliniomba nimfundishe ile niliyokuwa nikimpikia mwanawe. Nikamfundisha. Ningekataa vipi? Kwa miaka minane nimeketi jikoni kwake, mahali ambapo kwa desturi mkwe hakanyagi, nikinywa chai nzito iliyopikwa vizuri kuliko yangu, na kusikia nikisifiwa.

Mwaka huu, wakati wa kupanda maharage, nilimkuta shemeji yangu pale, mdogo wa marehemu. Ana mimba ya kwanza na amekuja kupumzika kwa mama yake. Aliponipa mkono wa salamu niliona kiganja chake ni cheupe. Tukakaa jikoni. Mama mkwe akamletea kikombe kilichojaa, na kidonge cha damu kando yake.

"Mama," nilisema, "asimeze na chai."

Mama mkwe alicheka. "Si ndivyo ulivyokuwa unampa mwenzie?"

"Ndivyo. Ndiyo maana nasema asimeze. Chai inazuia dawa."

"Nani kakwambia?"

Ningeweza kusema nilisikia redioni. Jibu hilo lilikuwa tayari kabisa mdomoni. Lakini shemeji alikuwa ameshika kidonge, anatutazama kwa zamu, na alifanana mno na dada yake.

"Nesi," nilisema. "Alimwambia mwanao. Mwanao akaja akaniambia mimi. Nikamwambia nesi hajui, ameze tu."

Kuni zilikuwa zinalia motoni. Mama mkwe aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za safari, "Alikwambia muda gani kabla hajafa?"

"Miezi minne kabla, mama."

Alichukua kikombe cha binti yake, akatoka nacho, akakimwaga uani. Akarudi na maji kwenye bakuli, akamsimamia binti yake mpaka akameza. Kisha akachukua birika akanimiminia mimi, akajaza mpaka ukingoni, akaniwekea kikombe kwenye kigoda mbele yangu. Tangu nioe kwake alikuwa hajawahi kuniita kwa cheo changu.

"Kunywa, mwalimu," alisema. Akamshika binti yake mkono, wakaingia nyumba kubwa, wakafunga mlango.