Tangi Nyuma ya Vitenge

Mimi shule niliachia kidato cha pili, katikati ya somo la hesabu. Nasema katikati kwa sababu mwalimu alikuwa bado anaandika ubaoni wakati niliitwa nje nirudi nyumbani kwa sababu ya karo, na mpaka wa leo sijui hiyo hesabu iliisha aje. Pengine ilijibika vizuri bila mimi.

Lakini matangi ya maji najua. Kwetu ni Kanja, upande wa Embu, na ufundi niliupata kwa kikundi chetu cha akina mama. Tulikuwa kumi na wawili, tukakubaliana kila mmoja ajengewe tangi ya kukinga maji ya mvua, tukizunguka boma kwa boma. Fundi tuliyemleta alijenga mbili za kwanza, halafu akaitwa kazi nzuri huko Meru, akatuacha na mchanga na waya wa kuku. Mimi ndiye nilikuwa namshikia karai. Kwa hivyo wenzangu wote wakageuka wakaniangalia. Hivyo ndivyo nilisomea kazi yangu, kwa kusimama karibu.

Tangi ya tatu nilijenga nikitetemeka. Ya nne nilijenga nikiimba. Baada ya hapo watu wakaanza kuniita mbali, mara Kiritiri, mara Laare kwa wakulima wa miraa, na nikaanza kutembea kama mtu mwenye cheo.

Sasa kuna shule moja upande wa Mbeere ilikuwa inajengewa matangi matatu makubwa. Nikaenda na mwiko wangu kwa mfuko. Kontrakta alikuwa kijana msafi, viatu vinang'aa hata kwa hiyo vumbi.

"Mama, cheti iko wapi?"

"Ya nini?"

"Ya ufundi."

"Sina cheti. Niko na matangi ishirini na sita."

"Basi yabebe uyalete."

Watu wa saiti wakacheka. Hata mimi nilicheka, mzaha ukiwa mzuri ni mzuri. Nikapewa mitungi nibebe maji, kwa sababu kazi ni kazi. Lakini ile kitu iliniuma si mgongo. Wale vijana walikuwa wanatoa magunia mabichi kwa ukuta siku ya nne, na simiti inataka kunyweshwa maji wiki tatu kama ng'ombe wa maziwa. Nikisema, wananiambia, "Mama, lete maji." Mbeba maji hana mdomo. Nilirudi nyumbani nikijua kitu kimoja nataka katika hii maisha. Nataka karatasi yenye itanipatia mdomo.

Rafiki yangu wa kanisa ndiye aliniambia kuna chuo cha ufundi Embu mjini chenye kinapima watu kama sisi, watu wenye kazi wanajua lakini darasa hawakukaa. Nikaenda. Mwalimu niliyemkuta angekuwa binti yangu, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake kila nikikumbuka.

"Mama, hatutakuuliza mambo ya vitabu. Tutakuuliza kile unajua. Lakini lazima utuonyeshe kazi yako."

"Nibebe matangi niwaletee?" Huyo kontrakta alikuwa ameniharibu.

"Kwa simu, mama. Tunaiita potifolio."

Akanieleza polepole. Ni kama kabati yako kwa intaneti. Unaweka picha za kazi, unaeleza ulifanya aje, unaweka sauti ya mwenye kazi akishuhudia, na chini yake unasema ulijifunza nini. Simu ikipotea, kabati bado iko. Ukitafuta kazi mbali, mtu anafungua anaona. Na kila ukijifunza kitu kipya, unaongeza.

"Naongeza mpaka lini?"

"Mpaka uzeeke, mama. Kujifunza hakuishi."

"Aii, mwalimu! Hiyo si shule, hiyo ni ndoa."

Alicheka mpaka akafuta miwani. Halafu akaniambia mtahini atakuja baada ya wiki tatu, na mtu mwenye kabati yake ni tupu atangoja mpaka mwaka mwingine. Nikamwambia asijali, picha ninazo tele. Nilizipandisha zote siku mbili, neno la siri nimeliandika nyuma ya kitabu cha nyimbo, nikarudi kwake nikiwa nimevaa vizuri, nikingoja kusifiwa.

Mwalimu akafungua. Akaangalia ya kwanza. Akaenda ya pili. Akasongeza simu karibu na uso.

"Mama, tangi iko wapi?"

"Iko nyuma yetu."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya kikundi."

Lazima nieleze hapa. Kwetu tangi ikiisha ni sherehe. Tunavaa vitenge vya kikundi, vya rangi ya machungwa, tunaomba, tunaimba, halafu tunajipanga bega kwa bega mbele ya tangi tupigwe picha. Nani atapoteza picha kwa ukuta peke yake? Picha bila mtu ni kama chai bila maziwa. Tena sisi si wanawake wadogo. Kumi na wawili tukijipanga, hata kanisa linaweza kupotea nyuma yetu.

"Na hii?" mwalimu akauliza.

"Hiyo ni Laare. Huyo wa katikati ni mwenye boma, huyo ni bibi yake, na hao tisa ni wa kufunga miraa. Walikuja kusalimia kamera."

"Na hiki kitu cha kijivu hapa kwa kiwiko?"

"Hiyo ndiyo tangi, mwalimu!" Nilifurahi sana, mwishowe ikaonekana.

Halafu akasoma mahali nimeandika nilijifunza nini. Nilikuwa nimeandika, "Nilijifunza kujenga tangi." Mara ishirini na sita.

Hakunicheka. Aliniambia nirudi kwa hizo boma nikapige picha ya tangi peke yake: msingi, mfuniko, mfereji, na mahali bomba inatokea. Mambo ya kuandika niwache, nizungumze kwa simu nikiwa nimesimama hapo hapo. "Kwa mdomo uko sawa," akasema. "Zungumza tu kama unavyonizungumzia." Wiki moja ilikuwa imeisha. Zilibaki mbili.

Laare, mwenye boma alifurahi kuniona lakini kila nikiinua simu anaingia.

"Baba, toka kidogo, nataka tangi."

"Na mimi nitatoka wapi? Si hii ni tangi yangu?"

"Ni yako, lakini wewe hujajengwa na mimi."

Bibi yake ndiye alimvuta kwa shati. Kwetu Kanja, shosho mmoja, mama mzee sana tuliyemjengea kati ya wale wa kwanza alifungua mfereji, akanipatia maji kwa kikombe kabla hata sijasalimia. Nilimwomba aseme neno la ushahidi. Alishika simu kama mtoto mchanga, akasema kwa Kiembu kwamba tangu hii tangi iingie hapa, mgongo wake umemsahau. Nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi, na kulikuwa na matope.

Nilipiga zote isipokuwa moja. Hiyo moja iko Kiritiri, kwa mchinjaji mmoja Mwislamu mwenye duka la nyama sokoni. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza nje ya kikundi. Ilikuwa Desemba, na mimi nilitaka kuwa nyumbani Krismasi, mambo ya kuku na chapati. Siku ya tano nikatoa magunia, nikapokea shukrani, nikaenda. Mvua ya kwanza ikaingia, ukuta ukapasuka kutoka juu mpaka chini, na maji yakaondoka kama wageni wamesikia hakuna chakula. Tangu siku hiyo nikiwa Kiritiri nilikuwa napitia nyuma ya soko. Nyama nilikuwa nanunua kwa mtu mwingine, na ilikuwa ngumu.

Nilikuwa nimeamua hiyo naitoa kwa kabati. Ni nani atajua? Lakini nilikuwa huko napiga tangi ingine, na huyo mzee akaniona barabarani.

"Mama fundi! Miaka yote hii unazunguka soko kama paka mwizi. Kwani mimi nauma watu?"

Nikakosa pa kuingia. Nikamweleza habari ya chuo, simu, na picha. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Tangi ilikuwa imejaa makaa. Alikuwa ameikata mlango, na ule ufa unaonekana kama barabara kwa ramani.

"Piga," akasema.

"Mzee, hii ni aibu."

"Aibu ya nani? Baada ya hii, umepasua ngapi?"

"Hakuna."

"Basi hii ndiyo iliyokusomesha. Na karo nililipa mimi. Unataka kunitoa kwa hesabu? Piga, bwana, na useme mchinjaji amelipa."

Nilipiga. Halafu nikasimama hapo kwa makaa nikazungumza na simu. Nilisema kila kitu: Desemba, magunia, kuku, na jinsi nilipitia nyuma ya soko. Mzee alikuwa mlangoni anasikiza, na nilipomaliza akanikatia nyama ya kupeleka nyumbani. Nilijaribu kukataa, akaniambia mgeni hakatai.

Siku ya mtahini ilifika. Alikuwa mzee mnyamavu, viatu vyake vina vumbi, nikampenda kwa hivyo viatu. Alipita picha zangu nzuri haraka haraka, ile ya Laare, ile ya shosho, mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo. Halafu akasimama kwa ufa.

"Hii ni kazi ya nani?"

Nakwambia ukweli, jina la fundi mwingine lilikuja mpaka kwa meno. Yule aliyetuacha na waya wa kuku, angejua aje?

"Ni yangu," nikasema.

"Eleza."

Nilieleza mpaka chai yake ikapoa. Aliuliza kama kungekuwa na baridi ningefanya aje, kama mchanga ungekuwa wa mto ningefanya aje, kama mwenye boma angenisukuma nimalize haraka ningemwambia nini. Hiyo ya mwisho nilijibu kwa nguvu, karibu nisimame. Halafu akanipeleka nje, akanipatia mwiko na karai, nikapiga plasta ukuta mzima mbele yake. Alisema tu, "Asante, fundi."

Fundi. Nililishika hilo neno siku tisa, kwa sababu ndizo nilingoja. Mwalimu akanipigia nikiwa juu ya ngazi.

"Mama, umepita! Yote isipokuwa moja. Kusoma michoro."

"Michoro gani?"

"Ya karatasi. Ya ujenzi. Cheti chako kinatoka, lakini hiyo utakuja kusoma uongeze."

Nilishuka ngazi polepole ili nisianguke na cheti. Sasa nimeshajenga mahali pawili nikiwa fundi wa kuandikwa, na nikisema magunia yakae, yanakaa.

Jumamosi niko darasani Embu, na rula na penseli, kati ya vijana wananiita mama na kuniazima ufutio. Wiki iliyopita nilichora tangi ikionekana kutoka juu. Mwalimu akaniuliza mbona nimeweka nukta nyingi hapo katikati. Nikamwambia hizo ni makaa ya mchinjaji. Akaniambia nifute, tuanze tena.